Kiunzi cha mifupa kwa watoto wadogo: mwongozo wa mwalimu wa Goma

Usianze na fuvu. Picha ya kiunzi kizima, yenye matundu ya macho na meno ya nje, ndiyo walimu wengi huitundika ubaoni siku ya kwanza ya somo hili. Hapa Goma mtoto wa miaka sita huenda ameshaliona fuvu hilo kabla hata hajaanza shule: kwenye vibao vyekundu vinavyoonya kuhusu mabomu ya ardhini, kwenye nguzo za umeme mkubwa. Kwake lina maana moja tu, kifo. Na wako watoto waliokiona kifo chenyewe, si kibao chake. Ukianzia hapo, wengine watafumba macho, wengine watacheka kwa woga, na jambo kubwa la somo hili litapotea: kwamba mfupa ni kitu hai. Una damu, una neva, unakua, ukivunjika unajiunga.

Ndiyo maana mpango huu unaanza na mwili wa mtoto mwenyewe. Baadaye yanakuja maungio, mfupa wa kuku, uti wa mgongo wa vifuniko vya chupa, na kiunzi cha karto (karatasi ngumu ya makasha). Fuvu linafuata nyuma kabisa, watoto wakiwa wameshalizoea kwa vidole vyao. Nimeuandika kwa mwaka wa tatu wa materneli (shule ya chekechea) na kwa darasa la kwanza na la pili la msingi. Nusu saa kwa kila zoezi inatosha, na mazoezi yote yanaingia ndani ya wiki mbili au tatu bila kuvuruga hesabu na kusoma.

Kabla ya siku ya kwanza

Ongea na watu wazima kwanza. Mtoto akifika nyumbani na kusema "Madamu alitupatia mifupa", habari hiyo ikifika nyumba ya tatu itakuwa imeshageuka uchawi. Mweleze direkta, kisha komite ya wazazi, siku kadhaa mbele. Sema wazi: mifupa ni ya kuku na ya mbuzi, imechemshwa, inatoka jikoni kwa mwalimu, na ya binadamu haitaonekana wala kutafutwa. Maneno mawili kwenye kaye (daftari) ya kila mtoto yanamaliza kazi. Mzazi aliyeambiwa mapema ndiye atakayekuletea vifuniko vya chupa mfuko mzima.

Usiwatume watoto kuokota mifupa, hata kama mmoja ataapa kwamba anajua mahali ilipo. Kwenye viwanja vitupu na kandokando ya barabara za kutoka mjini kuna vitu vingine vinavyookotwa, na baadhi yake vinalipuka. Sharti hili halina msamaha.

Kwa mchinjaji utahitaji kitu kimoja tu, lakini ukiagize mapema kwa sababu shoka lake halingoji: mguu wa nyuma wa mbuzi ukiwa bado umeshikana na nyonga. "Papa, uniwekee mguu ya nyuma, usiikate ku nyonga." Atakuuliza unataka kupika nini, na hapo umepata nafasi ya kumweleza somo lako. Nyama yake mtakula nyumbani. Mifupa uichemshe mpaka mabaki ya nyama yatoke yenyewe, uisugue, uilaze usiku mmoja ndani ya maji ya sabuni, kisha uianike juani mpaka ikauke kabisa. Harufu ikibaki, irudishe chunguni.

Vingine vyote vipo mtaani: karto za sabuni au za biskuti, kamba nyembamba, soksi kuukuu, vijiti, vifuniko vya chupa za plastiki, kambambili (ndala) iliyokatika, chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana (za mayonezi zinafaa), na siki, ile ya dukani tunayoiita vinegere. Kama una watoto sitini au sabini, na tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 hilo si ajabu, usijaribu kuwapa wote vifaa kwa wakati mmoja. Kila dawati liwe kundi. Vifaa vitembee, watoto wabaki wamekaa.

Zoezi la 1: vidole vitafute

Sharti la kwanza lisemwe kwa sauti na lirudiwe: kila mtu anagusa mwili wake, hagusi wa jirani. Si adabu tu. Ni ulinzi wa mtoto, na itakuepusha na ugomvi wa madawati ya nyuma.

Anza na paji la uso. Wagonge polepole kwa kifundo cha kidole. Pagumu. Wagonge shavu: laini. Sasa jambo ambalo linawafurahisha kuliko yote: waweke vidole viwili mbele tu ya masikio, pande zote mbili, kisha wafungue mdomo polepole mpaka mwisho. Kuna kitu kinatoka mahali pake, kinateleza mbele, na chini ya kidole panabaki kishimo. Wakifunga mdomo, kishimo kinazibwa. Hapo ndipo taya linaposhikana na kichwa. Waache walirudie wanavyotaka, wapige miayo ya uongo, watafune hewa. Dakika tano za kelele, lakini zimekufundishia ungio la kwanza bila neno gumu hata moja.

Kutoka hapo shuka: mitulinga miwili chini ya shingo, kiwiko, kifundo cha mkono, mbavu, muundi, visigino. Kwenye mbavu wapumue ndani kwa nguvu huku mikono iko ubavuni, wasikie zinavyopanda na kufunguka. Muundi ndio mfupa ulio karibu na ngozi kuliko mingi. Kila aliyecheza mpira bila viatu kwenye mawe yetu ya volkano anaujua.

Kisha geuza swali: wapi hakuna mfupa? Watataja tumbo, ulimi, matako (cheka nao, usikasirike, kisha uwaambie kuwa ndani kabisa yapo mifupa, ndiyo wanayoikalia). Masikio ndiyo yataleta ubishi. Wayakunje: yanarudi yenyewe. Hilo ni gegedu, kitu kigumu kuliko nyama lakini laini kuliko mfupa. Waambie kwamba kabla hawajazaliwa sehemu kubwa ya mifupa yao ilikuwa gegedu, ikageuka mfupa polepole, na kazi hiyo bado inaendelea. Kile kifupa cha mbele ya goti, kiitwacho pia ya goti, ni mfano mzuri sana kwa materneli: mtoto mchanga anayo ya gegedu, nayo huanza kuwa mfupa kati ya miaka 3 na 6. Humo humo darasani mwako, wakati unaongea, magoti yanageuka.

Mtoto atauliza ana mifupa mingapi. Mtu mzima ana 206. Mtoto mchanga huzaliwa na karibu 300, na mingi huungana kadiri anavyokua. Kwa hiyo jibu sahihi kwa mtoto wa miaka sita ni: "Kunishinda mimi." Hilo halisahauliki. Usiwakaririshe 206 kama vile ni sala.

Swali jingine linalokuja karibu kila mara: "Madamu, mufupa iko na damu?" Iko. Ndani ya mfupa kuna uboho, na uboho mwekundu ndio unaotengeneza chembe za damu. Kwa watoto, karibu mifupa yote inafanya kazi hiyo. Wanaonyonya mfupa wa supu nyumbani wanajua uboho unavyoonekana. Sasa wanajua kazi yake.

Zoezi la 2: soksi

Hili ni fupi. Jaza soksi matambara, uifunge, umwite mtoto aisimamishe juu ya meza. Itaanguka. Ingiza kijiti ndani, aijaribu tena. Imesimama. Uliza: kijiti ni nani ndani ya mwili wako? Basi. Usiongeze maelezo.

Zoezi la 3: maungio

Hapa darasa linasimama. Kama chumba ni kidogo, nendeni uani.

Watembee bila kukunja magoti. Wajaribu kuketi bila kukunja nyonga. Mzungushie mtoto kipande cha karto kwenye kiwiko, ukifunge kwa kitambaa bila kukaza, umpe kikombe cha maji: anywe. Hataweza. Wengine watagundua ujanja wa kumnywesha mwenzao, na mwalimu mwenye macho ataacha jambo hilo liendelee kidogo. Mwisho mfunge kidole gumba pamoja na kiganja, ajaribu kuokota chaki na kufunga kifungo cha shati.

Wakishachoka kucheka, wahesabie: mkono mmoja, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, una mifupa 27. Mguu, kuanzia kifundo, una 26. Mikono miwili na miguu miwili inafanya 106, zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mtu mzima. Kwa nini mingi hivyo mahali padogo hivyo? Waambie waandike jina lao wakiwa wamekunja ngumi. Watalijibu swali wenyewe.

Sasa mlango. Simama nao mlangoni, ufungue na kufunga. Bawaba inaruhusu mlango uende upande mmoja na kurudi, basi. Kiwiko ni hivyo hivyo: wajaribu kukikunja kwenda nyuma. Bega je? Linazunguka pande zote. Hapo toa mguu wa mbuzi. Onyesha kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja na shimo la nyonga lililoundwa kukipokea. Kizungushe humo taratibu, kisha upitishe mifupa hiyo miwili dawati kwa dawati ili kila mtoto aijaribu mwenyewe. Ncha ya mfupa inang'aa na ni laini kuliko sehemu nyingine, na hapo ndipo gegedu lilipokuwa. Mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote mwilini, karibu robo ya urefu wa mtu mzima. Mdogo kuliko yote umo ndani ya sikio, milimita 3 hivi. Chora nukta nene kwenye ubao, inatosha.

Waoshe mikono baadaye. Mifupa imechemshwa, ndiyo, lakini imepita kwenye mikono ya darasa zima.

Zoezi la 4: mfupa unaopinda

Kama utafanya zoezi moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Linahitaji siku kadhaa, kwa hiyo lianze pamoja na zoezi la kwanza.

Chukua mifupa mitatu ya mguu wa kuku, iliyochemshwa na kusafishwa bila kubaki hata uzi wa nyama. Kuku wa friza ni bora kwa kazi hii: huchinjwa angali mdogo sana, mifupa yake ni myembamba. Wa kienyeji ametembea, mifupa yake imekomaa, na siki italazimika kusubiriwa.

Mfupa wa kwanza uuweke ndani ya chupa ya kioo, uufunike wote kwa siki, ufunge kifuniko bila kukaza. Baada ya muda watoto wenye macho makali wataona viputo vidogo vikishikilia mfupa. Siku ya tatu mwaga siki ile, weka mpya. Mfupa mwembamba unaweza kuwa tayari siku ya nne au ya tano. Mnene unaweza kuhitaji wiki moja na zaidi. Ujaribu kwa vidole kabla ya kuuonyesha darasani, kwa kuwa ukiutoa mapema utakatika mbele ya watoto na somo lako litakwenda nao. Maji ya ndimu nayo yanafanya kazi, ila kwa uvivu.

Mfupa wa pili uuache mkavu ndani ya chupa ya pili. Huu ni shahidi.

Mfupa wa tatu ni kazi ya mwalimu peke yake, nyumbani, nje ya nyumba, jioni moja kabla ya kuonyesha. Uweke juu ya makaa ya mbabula (jiko la makaa) mpaka uwe mweusi, kisha uendelee mpaka ugeuke kijivu na weupe. Unanuka, waombe radhi majirani. Ukipoa, ubebe ndani ya kikopo chenye pamba, maana hautavumilia barabara ya Goma.

Siku ya kuonyesha, panga mifupa mitatu juu ya sahani. Mwite mtoto mmoja ajaribu kukunja ule mkavu: haukunjiki. Ule wa siki uuoshe vizuri kwa maji, kisha mpe: unapinda, na ukiuachia unarudi. Hapa jiandae kwa mayowe. Ule wa makaa ubonyeze wewe mwenyewe kwa kijiko, mbele ya wote: unasagika kama unga.

Maelezo yake ni haya, kwa maneno yanayomtosha mtoto. Mfupa una vitu viwili vilivyoshikana. Kimoja ni madini ya kalsiamu, yanayoupa ugumu, siki imeyayeyusha. Kingine ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazouzuia kukatika ovyo, moto umeziunguza. Mfupa usio na madini unapinda, mfupa usio na nyuzi unavunjika. Waulize: mtu mwenye mifupa ya siki angetembeaje? Waache waigize.

Kutoka hapo chakula kinaingia chenyewe, bila hotuba. Kalsiamu iko wapi Goma? Kwenye sambaza za ziwani, kwa sababu tunazila na mifupa yake yote. Kwenye maziwa na jibini ya Masisi, kwenye lengalenga, kwenye soya. Na jua la asubuhi uani: ngozi ikipata jua, mwili hutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu unayokula haifiki kwenye mfupa inavyopaswa. Usiwaambie watoto kwamba asiyekunywa maziwa mifupa yake itapinda kama ya siki. Wengine nyumbani kwao maziwa ni ya sikukuu, na sambaza za mia chache zinafanya kazi nzuri.

Mtu atauliza kuhusu meno. Meno si mifupa. Yana kalsiamu, ni magumu, lakini jino la kudumu likivunjika halijiungi. Na kama kuna mtoto aliyekulia upande wa Sake mwenye meno yenye madoa ya kahawia, wenzake watamtazama. Waambie mapema: maji ya sehemu za volkano yanaweza kuwa na floridi nyingi, ndiyo inayotia madoa wakati meno yanaota. Si uchafu.

Zoezi la 5: uti wa mgongo wa vifuniko

Watoto waguse kwanza. Wainame, wapitishe kidole nyuma ya shingo kushuka mgongoni: vinundu, kimoja baada ya kingine. Hizo ni pingili. Uti wa mgongo wenye pingili 24 zinazosogea ndio mtakaoujenga: 7 za shingo, 12 za kifuani zinazobeba mbavu jozi 12, na 5 za kiunoni. Chini yake kuna mfupa wa nyonga ya nyuma na kifandugu, ambavyo kwa mtoto bado ni vipande 9 na kwa mtu mzima vimeshaungana.

Toboa vifuniko 24 katikati kwa msumari uliopashwa moto. Kazi hiyo ni yako, si ya watoto. Ukipata rangi tatu ni vizuri zaidi: 7 vya buluu, 12 vyeupe, 5 vyekundu. Kata kambambili kuukuu vipande vidogo vya mviringo, upana wa kifuniko, navyo uvitoboe. Watoto watunge kwenye kamba: kifuniko, kipande cha kambambili, kifuniko, kipande. Funga fundo nene chini na juu, lakini uache kamba ilegee kidogo.

Kila kundi litunge uti mmoja wenye vipande vya kambambili na mwingine usio navyo. Waupinde wa kwanza: unakunjika kimya, unarudi. Waupinde wa pili: vifuniko vinagongana na kukwaruzana. Vile vipande laini ni diski za gegedu, na ndiyo maana tunaruka kamba bila mgongo kulia kwa vishindo. (Kwa mwalimu tu: kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya shingo hakuna diski. Watoto hawahitaji hilo.) Kamba inayopita katikati ni uti wa neva, njia ya habari kati ya ubongo na mwili, na ndicho kitu chenye thamani ambacho pingili zinakilinda.

Wakishamaliza, waambie kwamba twiga, licha ya shingo yake, ana pingili 7 za shingo kama wao. Okapi wetu wa misitu ya Ituri naye 7. Panya 7. Kinachotofautiana ni urefu wa pingili. Mkono utainuka: "Na nyoka?" Nyoka ana pingili mia na zaidi, mwacheni.

Hapa pia ndipo pa kuzungumzia bidoni. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, karibu sawa na mtoto mwenyewe wa miaka sita au saba. Sijui mwalimu wa Goma asiye na wanafunzi wanaochota maji, na hakuna faida kuwaambia watoto waache, maana si wao wanaoamua. Waonyeshe namna ya kuchuchumaa na kuinua kwa miguu badala ya kuinama kwa mgongo. Waonyeshe kwamba vibidoni viwili vya lita 5, kimoja kila mkono, ni bora kuliko kimoja kikubwa kinachovuta upande. Kuhusu lita 20, zungumza na mama au papa wakati wa mkutano, kwa heshima na bila kumtaja mtoto mbele ya wengine.

Zoezi la 6: radio kwenye dirisha

Familia nyingi huhifadhi filamu za radio za zamani, zile picha za eksirei za hospitali, chini ya godoro au nyuma ya kabati. Waombe wazazi wakuazime. Kabla ya kuzionyesha, ziba kwa karatasi jina na namba ya mgonjwa. Zibandike kwenye kioo cha dirisha upande wa jua. Kilicho cheupe ni mfupa.

Simulia kwa kifupi: mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hiyo, na moja ya picha zake za kwanza ilikuwa mkono wa mkewe, pete ikionekana kidoleni. Ukipata filamu ya mkono wa mtoto, onyesha nafasi nyeusi karibu na ncha za mifupa. Watoto watasema umevunjika. La. Hapo ni gegedu, mahali ambapo mfupa unarefuka. Mtu mzima hana nafasi hizo, ndiyo maana mwalimu harefuki tena.

Wapo darasani ambao wamewahi kufungwa plasta ya mfupa uliovunjika, na wengine wanaijua HEAL Africa kwa sababu hiyo. Hospitali hiyo ilianzishwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mkewe Lyn. Waache wasimulie wanaotaka. Ongeza jambo moja la msaada: mwenzako akianguka na mkono ukabadilika umbo, usiuvute, usiukande, usimlazimishe ausogeze, mwite mtu mkubwa. Mwalimu, wewe ujue kuufunga na karto jinsi ulivyopatikana, ukiwa umetulia, kabla ya kwenda hospitali.

Kama kuna mtoto wa magongo au mwenye mguu wa bandia, usimgeuze kuwa mfano wa somo. Muulize pembeni siku moja mbele kama angependa kusema neno. Akikataa, imekwisha. Kwenye mazoezi ya kutembea mpe nafasi ya kuamuru wenzake: "Simama! Kunja! Nyoosha!" Atafurahi kuliko kukaa anatazama.

Zoezi la 7: kiunzi cha karto, na fuvu

Mlaze mtoto mmoja juu ya karto zilizounganishwa, mwenzake amzungushie mstari kwa mkaa. Kila kundi lichukue sehemu: mikono, miguu, nyonga, mbavu (vipande virefu 24 na kidari katikati), na uti wa vifuniko mlioujenga utiwe mahali pake. Unganisha kwa kamba kwenye maungio ili kiunzi kiweze kupunga mkono. Mifupa 27 ya kiganja hamtaikata yote. Vidole vitano vyenye vifundo vinatosha.

Wakati wanakata, tega vitendawili ili mikono iendelee kufanya kazi.

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Walinzi ishirini na wanne wanamzunguka mfalme mmoja, naye halali usiku wala mchana."
Mbavu na moyo.
"Nimezaliwa na dirisha, nimekua likajifunga lenyewe."

Hili la pili watalikosa, mpaka yule mwenye mdogo wake nyumbani akumbuke utosi. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana bado. Utosi wa mbele hufunga, kwa kawaida, kati ya mwaka mmoja na miwili. Waulize nani amewahi kuuona ukidunda. Waambie pia kwamba hauguswi kwa nguvu.

Na hivyo fuvu limefika, likiwa kichwa cha mdogo wao na si kibao cha barabarani. Lichoreni pamoja: mifupa 22, taya peke yake ndilo linalosogea, na wameshalisikia kwa vidole siku ya kwanza. Kazi yake ni kulinda ubongo. Hapo ndipo mtu atakapotaja kile kibao, na usimkwepe. Jibu liwe fupi: hiyo ni alama ya hatari. Ukiiona, simama, usiguse kitu, rudi kwa njia uliyojia, umwambie mtu mkubwa. Wasimame wafanye kwa vitendo, mara mbili tatu.

Akiuliza mtoto kuhusu mifupa ya waliokufa, mjibu ukweli kwa sauti ya kawaida: mtu akifa mwili huisha, mifupa hukaa muda mrefu zaidi, na tunaizika kwa heshima. Akiendelea, mwache aendelee. Akinyamaza ghafla au akilia, usimalizie somo juu yake. Mpe kazi ya kushika kamba karibu nawe, kisha uzungumze na mlezi wake jioni.

Kiunzi kikikamilika wakipe jina na wakivike kofia wakitaka, kitundikwe kwenye kona ambayo watoto wa chumba kingine hawatakikuta ghafla. Mfupa wa siki uurudishe kwenye siki, kwa maana ukikauka unakuwa mgumu tena, ingawa mwepesi kukatika. Ya mbuzi ihifadhi kavu kwenye mfuko wa karatasi. Ndani ya plastiki inaota ukungu. Na kamba ya uti wa vifuniko ibadilishe kila mwaka, kwa sababu watoto wataivuta.